Dodoso Namba Kumi na Saba

Swali la tisa nalisoma kama lilivyoandikwa:
Je, Rais apewe mamlaka ya dharura
pasipo kulingoja Bunge?
Nakubali sana. Nakubali. Sikubali. Sijui.
Visanduku vinne, vidogo kama punje za uwele,
na upepo wa Gulwe unazing'ang'ania karatasi zangu.

Lechipya, fundi baiskeli, hainui kichwa:
"Nakubali sana. Tia vema mbili.
Kinyasungwe ulipofurika tulikuwa juu ya paa la shule,
mimi, mbuzi wa jirani, na mtoto asiye wangu,
na kule wilayani kikao kimekosa akidi.
Akidi!
Maji yalikuwa yametimia."
Anacheka, kisha hacheki.
Natia vema moja. Fomu haina nafasi ya pili.

Nyumba ya nne, Mama Mbeleje anapeta.
Hana kiti; ananikaribisha kivuli cha ukuta.
Swali analitaka mara mbili.
"Na dharura ikiisha, nani atasema imeisha?"
Hilo, mama, halimo.
"Basi njoo."

Bomba la kijiji.
Kufuli, kutu, mnyororo umezungushwa mara tatu.
"Mwaka wa ukame tulipiga kura hapa hapa, mikono juu,
mwenyekiti ashike ufunguo,
miezi mitatu tu, ndoo zisipigane.
Mvua ikanyesha. Mwaka wa pili ikanyesha tena.
Mwenyekiti akafa, tukamzika vizuri;
alikuwa mtu mwema, usije ukaandika vibaya.
Ufunguo anao mwanawe."

Kwa hiyo niandike sikubali?

Anaipangusa pumba mkononi, taratibu,
kama anayeutafuta mkono wenyewe.
"Huu niliuinua.
Watoto walikuwa na kiu, ningeuinua tena.
Ila siku ile ningeuliza ufunguo unarudi lini,
na ningeuliza kwa sauti.
Andika hivyo."

Nikaandika hivyo, pembeni,
maneno yakapanda ukingo wa karatasi,
yakageuka nyuma, yakaishia kwenye sahihi yangu.

Dodoma mjini, ghorofa ya pili, feni haizunguki.
Kijana wa takwimu ananiita:
"Namba kumi na saba umeiacha wazi."
Sikuiacha. Soma pembeni.
"Mashine haisomi pembeni, dada,"
anasema kwa upole, hana ubaya,
anabonyeza Sijui,
anachukua namba kumi na nane.