Daftari Lisilo na Mistari

Mwalimu Naliaka ametaka Jumatatu
kila mmoja alete kinachomchochea kuchora.
"Si vya kukopa kwenye simu," alisema,
akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Basi niko Pangani, usiku, sakafuni,
tokeni za stima zimebaki mbili nukta nne,
napekua daftari nililolishona mwenyewe
kwa uzi wa gunia na sindano ya godoro.

Ukurasa wa kwanza ni mkono wa fundi viatu
wa pale ngazini, Ngara.
Nimeuchora mara tisa,
mara tisa kidole gumba kimenigomea,
kimetoka kiazi.
Lakini mara ya nane niliona jambo:
kile kidole huinama kuielekea sindano
kama jirani anayesikiliza ukutani.

Kisha kutu.
Chekeni. Nina kurasa kumi na moja za kutu.
Ya kioski cha Chepkwony, nyekundu iliyoanza kwa hasira
ikaishia kahawia.
Ya geti la msikiti wa pale kona, ina ngozi ya mjusi.
Ya misumari, ambayo hulia machozi marefu
mabati yakinyeshewa.
Lemayian, tunayeketi naye meza moja,
huchora magari mapya, taa zikiwaka,
na wateja humngoja nje ya darasa.
"Kutu utamuuzia nani?" huniuliza,
si kwa ubaya.
Bado natafuta jibu. Hata bei yake siijui.

Kuna kongoti wa Barabara ya Mombasa,
juu ya mgunga, koti limemzidi,
karani aliyestaafu ambaye bado huripoti kazini.
Kuna udongo mwekundu wa mtaro wa mabomba
niliousugua kwa kidole, maana rangi hiyo dukani
ni shilingi mia nane, na tyubu yenyewe
haifiki kidole cha mtoto.
Kuna herufi S.
Wafubwa mchora mabango aliivuta ukutani Kariokor,
S ya SALUNI, kwa brashi moja, bila kuinua,
na pumzi akaishusha mwishoni tu.
Nilinunua mandazi ambayo sikuyataka
nipate sababu ya kusimama.

Jakaranda sijachora. Oktoba nzima kila mtu alikuwa nazo.
Nilichora kiatu cha mfagiaji chini yake,
ua moja limenasa kwenye kamba.

Mama anaingia saa nne na robo,
magoti yake yakinuka dawa ya sakafu.
Husafisha orofa tatu huko Upper Hill,
na karatasi hizi ni zake:
ziliharibikia mashineni, upande mmoja mtupu,
akaomba ruhusa, akazileta kwapani
Jumanne baada ya Jumanne.
Ndiyo maana ukiuinua mkono wa fundi kwenye taa
nyuma yake huonekana tarakimu,
safu kwa safu, hesabu za mtu mwingine,
na jumla imeangukia penye kidole gumba.

Sijawahi kumwonyesha.
Anakaa kitandani bila kuvua soksi,
anafunua, anafunua,
anafika kwenye kutu, anasimama.
Najitayarisha kwa swali la Lemayian.
Mama anaweka kidole.
"Hii ni ya bomba la uani.
Hapa chini, panapovuja."

Na ndipo.
Wala sikuchora bomba.
Ni rangi tu, upana wa kiganja,
haina hata jina pembeni.

Stima inakatika.
Tunakaa gizani, daftari wazi magotini pake,
na nasikia mkono wake ukipita juu ya karatasi,
polepole,
kama anayetafuta unyevu.