Chumba cha Vielelezo

Kila Alhamisi, saa nane mchana, karani hutufungulia
chumba cha ubavuni mwa Mahakama ya Mwanzo, hapa Newala.
Viti saba vya plastiki, kimoja mguu umeteguka;
hicho hukalia Hokororo. Anasema kuyumba amekuzoea.

Nyuma ya ukuta wa mbao serikali imeweka vielelezo:
baiskeli za wizi, panga lenye kutu,
na madumu ya nipa yanayongoja amri ya kumwagwa.
Kifuniko kimoja kimelegea.
Harufu inapenya, inatuita kwa majina yetu ya utotoni.
Nilimwambia Bi Ndembo wa ustawi wa jamii: tuhamisheni.
Akasema, bajeti.
Basi tunaongea, adui akisikiliza.

Mimi Somoe. Dumu moja mle ndani ni langu.
Nilikuwa mpishi. Mabibo yakidondoka nayakamua,
nayachachusha, mtungi, mrija, moto wa kuni,
tone,
tone.
Nilionja ili nisiuze maji.
Mwishowe nikauza maji ili nipate cha kuonja.

Hakimu alinipa njia mbili: miezi sita ndani, au duara hili.
Nilichagua duara kwa ajili ya mbuzi wangu,
nisiwadanganye. Kupona sikukuwaza.

Na niliyemkuta, juu ya kiti kibovu,
ni mteja wangu wa alfajiri,
aliyeniachia rehani redio, kisha jembe, kisha kitenge cha mkewe.
Nilijua atanitemea mate.
Akasogea. "Kaa, mama muuza. Leo hakuna mkopo."

Wiki tatu sikufumbua mdomo.
Ya nne, arosto ikanishika, kikombe cha uji kikanivua nguo mbele ya watu;
Dadi, kijana wa bodaboda, akakishika upande wa pili,
hakunitazama, akaendelea kusimulia pikipiki aliyoinywa.
Hapo nikaanza kusema.

Ukaingia msimu. Newala nzima inanuka mabibo.
Usiku ule malipo ya korosho yalipotoka
Dadi alinipigia, saa sita. Simu yangu ina chaji ya kuombea.
Hakutaka ushauri. "Mama Somoe, nitajie vitu tu."
Nikamtajia: ndoo, kamba, chandarua kilichotoboka,
bei ya maji imepanda tena,
mbuzi mmoja anakohoa, yule mweusi,
chumvi imekwisha, nyundo sijui nimeiweka wapi,
mpaka simu ikazima.
Nilikaa nimeishika, naitajia giza vitu.

Siku ya kuripoti hakimu akafungua jalada.
"Dadi Nampota. Siku ngapi?"
Sote tuliijua hesabu: mia moja na kumi na mbili.
Bi Ndembo ameshaiandika, kwa wino.
Kunyamaza tu kungetosha.

"Moja, mheshimiwa."

Feni ilizunguka. Hakimu akavua miwani.
Benchi la nyuma, Hokororo akasimama, hakuitwa.
Nikasimama. Mwalimu Chilumba naye, na mkongojo wake.
Askari akasema, kaeni.
Magoti yalitaka. Hatukukaa.

Hakimu akaandika kitu kirefu, hata leo hatujui ni nini,
akasema, "Alhamisi. Saa nane."

Mlangoni Dadi akanivuta upindo wa khanga:
"Yule mbuzi mweusi, alipona?"
Bado anakohoa, nikamwambia.
Lakini anakula.