Kopo la Katikati

Baba amepanga makopo matatu mezani,
mbali na jiko, mbali na redio,
mbali hata na sauti ya mama anayeuliza
sufuria yake ya maboga imekwenda wapi.
Haitarudi, mama.
Imepikiwa risasi.

Risasi ni madini, risasi ni kile kinachoruka.
Kiswahili hakikuona haja ya majina mawili,
kana kwamba kilijua tangu mwanzo
kuwa baina ya hili na lile
umebaki moto tu.

Hii yetu ilikuwa herufi.
Misheni ilipofunga chumba chake cha chapa
baba alinunua gunia zima kwa bei ya chuma chakavu,
tukarudi nalo Rudi juu ya lori la vitunguu,
nami nikaikalia alfabeti
kutoka Mpwapwa hadi mlangoni kwetu.
"Ya betri ni laini," alisema, "inabonyea kwa ukucha.
Herufi zina antimoni. Zina mifupa."
Akayeyusha K, akayeyusha W na nukta mkato,
akamimina kalibuni, akagonga,
vikatoka vinono, vyeupe kama fedha,
unene wa kidole gumba changu,
maana bastola ya bwana nyama mstaafu
ina mdomo mpana na matundu sita,
na kibali chake kimebandikwa ukutani
juu kidogo ya cheti cha ndoa.

Mimi napaka nta ya Itigi kwenye mikunjo.
Vidole vyangu vinanuka asali hadi Jumapili.

Sasa baruti.

Kopo la kwanza: vipande bapa,
magamba ya dagaa wa Mtera.
"Hii ina hasira za karibu," anasema.
"Inapiga kofi. Inaunguza kitako cha risasi,
na risasi iliyoungua huacha ngozi yake ndani ya mtutu;
utakwangua mpaka uape."

Kopo la tatu: vijiti, kama makapi ya uwele.
"Hii ni ya bunduki ndefu.
Kwangu itatoa moto mdomoni, kelele na aibu,
na nusu yake itamwagika mchangani haijaungua."

La katikati analifungua bila kusema kitu.
Punje za mviringo, nyeusi, zinang'aa,
mbegu za mchicha mtupu.

Baba mdogo Chalo alipenda kopo la kwanza.
Chembe chache tu kwa kila ganda! Kopo moja, mwaka mzima!
Alisifu ubahili wake kama mtu anayesifu mke.
Jioni moja redio ilisoma matokeo ya mpira,
akasikiliza, akasahau, akamimina tena
katika ganda lile lile,
na tumbo la ganda lina giza refu:
viwili humo huonekana kimoja.
Siku hizi anasalimia kwa mkono wa kushoto.

"Hii," baba anasema, akiinua mizani ya sonara,
"ukiimimina mara mbili inafurika mezani.
Inakuaibisha kabla haijakuua.
Ndiyo maana naitaka."
Nikamwambia, basi polepole ndio mwendo.
"Nani kasema polepole?
Inasukuma. Kusukuma si polepole.
Muulize mama yako alivyokuzaa."

Mama, kutoka jikoni: "Usinitie humo!"

Tulijaza kumi na mbili. Ndovu walikuwa ng'ambo ya mto,
uwele ulikuwa umeanza kubeba,
na baba husema risasi nzuri ni ile inayopigwa hewani
mnyama akageuka na njaa yake.
Lakini lazima kwanza ajue.
Akapiga kichuguu nyuma ya choo, mara moja.
Bata wa jirani hawakutaga siku tatu.

Nikachimba kwa jembe, nikaipata,
pua imebonyea kidogo, ubavu safi.
Baba alichungulia mtutu, akapiga mluzi, akaingia kula.

Mimi nikaiosha beseni,
nikaigeuza, nikaigeuza tena juani.
Najua chuma kikiyeyuka hakikumbuki.
Hata hivyo niliitafuta K.