Idhini

Saa nane usiku simu inatetemeka juu ya marumaru,
kando ya glasi yenye meno ya Bibi Addolorata.
Gio anaomba kununua upanga wa buluu,
dola moja kasoro senti.
Kubali. Kataa.
Kutaisi ni saa kumi na moja alfajiri.
Mbona mtoto huyu hajalala?

Niliifungua familia hii Alhamisi moja,
saa zangu za mapumziko,
kwenye benchi la bustani mbele ya stesheni ya Bari
tunapokaa sote, wa Kutaisi, wa Zestaponi, wa Samtredia,
tukimegeana mkate wa jibini uliosafiri siku nne kwa basi.
Binti wa Nestani alinishikia simu, akanisomea:
*Nani mkuu wa familia?*
Mama mkwe angekuwapo
angejibu kabla sijafungua mdomo.
Avto alisema, niandike mimi.
Kadi ni ya nani? nikamuuliza.
Akanyamaza kama redio iliyoishiwa betri.

Kisha ikaja ile sentensi:
*Wanafamilia wote sharti waishi nchi moja.*
Nikaomba nisomewe tena. Na tena.
Nikawatazama wanawake wa lile benchi, mmoja mmoja,
mikono yao yenye harufu ya dawa ya vidonda vya mgongo.
Kwa sharti hilo
bustani nzima haina familia hata moja.

Basi nikadanganya.
Nikaandika ghorofa ya nne, jengo la kijivu,
lile ambalo lifti yake haipandi mpaka uilishe sarafu.
Nikaweka kadi ya benki ya kule,
ninayoijaza kila tarehe tano kutoka huku.
Simu ikaniamini.
Kwa hesabu zake sijaondoka kamwe,
nipo jikoni, nimeegemea friji,
ninamwuliza Gio amefanya hesabu au bado.

Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo isemwavyo.
Mimi sipo, na langu lipo:
zaburi za mama mkwe, zinazosomwa na mwanamume mwenye mafua;
kamusi ya Tatia;
filamu ya vita ya Avto, ya zamani,
niliyoitazama jikoni hapa bila sauti
nikijua kabisa alicheka wapi.
Walichonunua wao ninacho mimi.
Walichokula jana, sijui.

Tatia alitimiza kumi na minane mwezi Machi.
Maombi yake yakakoma siku ileile.
Nikadhani mtandao umeharibika, nikampigia.
Mama, akasema, siku hizi sihitaji ruhusa,
na alisema kwa upole,
jinsi unavyomwambia mgeni kwamba viatu si lazima avue.

Amebaki Gio.
Naye nimemjua.
Nikibonyeza Kubali upesi, anapata upanga wake
na sisikii neno mpaka upanga ujao.
Nikikataa, ananuna wiki nzima, kama baba yake.
Lakini nikichelewa,
nikiliacha ombi lining'inie dakika kumi, kumi na tano,
subira inamwisha
na ananipigia.

Bibi Addolorata anageuka kitandani.
Ninamsogezea mto, ninamfunika miguu.
Nani huyo saa hizi? anauliza, bila meno,
na maneno yake yanatoka laini kama uji.
Familia, namwambia.
Wanataka nini?
Upanga.
Anatikisa kichwa polepole. Pengine anakumbuka vita,
pengine ameshalala.

Ninairudisha simu juu ya marumaru, kioo kikitazama juu.
Dakika ya nane.
Sigusi kitu.