Ukuta wa Matofali

Alikuja Jumamosi saa nne, kijana wa Njoro,
Tuwei, viatu vimekula vumbi lote la njiani,
akauliza kabla hajaketi:
"Lenzi ina kuvu?"

Haina. Nimeilaza miaka mitatu
ndani ya mkebe wa mchele mkavu,
mke wangu akisonga ugali kila siku
ili asiiamshe.

Akaishika kama mtu anayepakatishwa mtoto wa mwenzake.
Akaizungusha. Akaitegea sikio.
Nami nikajiona nilivyokuwa,
usiku wa manane nikikariri majedwali ya ukali wa pembeni,
nikilipa chama awamu ya kumi na moja
huku paa la jikoni likihesabu mvua kwa sufuria.

"Umepiga nini nayo?"

Swali dogo, lingeenea kiganjani.
Nikasema: heroe.
Uongo. Deni lilipoisha, ziwa lilikuwa limepanda,
limemeza uzio, limemeza barabara ya mbugani,
heroe wamehamia Bogoria bila kuniaga,
nikabaki ufukweni Nakuru na pua ndefu ya kioo
ikinusa maji matupu.

Akaiwasha kamera yangu, akaanza kurudi nyuma.
Ukuta wa matofali.
Ukuta wa matofali.
Ukuta wa ghala la nafaka, upande wa reli, saa mbili asubuhi.
Ukuta uleule saa kumi.
Kwa tundu pana, kwa tundu jembamba,
nione kama mistari ya saruji inalegea pembeni.
Mia nne na kumi na mbili.
Alizipitia kwa adabu,
kama mgeni anayeonyeshwa albamu ya harusi
ya watu asiowajua.

Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu.
Mimi niliambiwa. Nililipa niambiwe.
Nikatazama saruji.

Kisha kidole chake kikasimama.
Nyaboke mlangoni, beseni kiunoni,
mkono juu kunifukuza nisimpige,
nusu ya uso imebaki nje ya picha,
vidole vimefifia kwa mwendo,
povu kwenye kiwiko,
na anacheka. Kicheko hicho sikikumbuki.
Nakumbuka nilikuwa najaribu betri mpya.

"Hii ndiyo kazi ya lenzi hii?"
"Hapana. Hiyo ni ile ndogo iliyokuja na kamera,
ya plastiki. Tunakandamizia risiti za umeme."

Nilitaka elfu sitini. Alikuwa na hamsini na mbili,
na noti za mwisho zilikuwa za mia mia, zina jasho.
Nilitaka pia kumwambia habari za ukuta.
Lakini mimi ningeambiwa wakati ule, ningesikia?
Akaifunga ndani ya sweta, akaenda
akiikumbatia, akiangalia kulia na kushoto mara tatu
kabla ya kuvuka barabara.

Jioni binti yangu alisema simu yake inaweza
kumrudishia mama nusu ya uso,
kunyoosha mlango, kuondoa ukungu mkononi,
hata kuweka machweo nyuma ya choo cha jirani.
Nikamuuliza, hiyo nusu itaitoa wapi?
Akapandisha mabega.
Mwache, nikasema. Mkono ulikuwa unakwenda.

Jumapili nimeichukua ile ndogo,
risiti zikatawanyika hadi chini ya kabati.
Nimekaa kizingitini, kamera mapajani, kifuniko hakijatoka.
Sijui kama bado napenda picha
au nilipenda kungojea vifurushi.
Jua limepanda ukuta wetu, ambao hauna matofali,
ni mabati, yana kutu ya rangi ambayo
hakuna jedwali lililowahi kunitajia.

Nyaboke amepita na beseni.
Hakuinua mkono.
Ameuliza tu kama mchele sasa unaliwa.