Barua ya Kufunga Muhula

"Kwa mzazi au mlezi," anaanza Bi. Nasambu.
Amesimama dirishani, amenipa mgongo,
nami nachapa kwa vidole vinne
kwenye kompyuta iliyofutika herufi F,
kwa hivyo neno "funga" nalijua kwa kidole, si kwa jicho.

Tunafunga Ijumaa, saa tano asubuhi.
Tutafungua Januari, tarehe mtaarifiwa.
Kila mtoto aje na sweta yake, na ya jirani airudishe.
(Hilo la jirani nimelichomeka mimi. Hajaligundua.)

Sweta zilizookotwa ni ishirini na saba.
Zimelala ofisini kwangu ndani ya katoni ya chaki,
zinanuka mvua na maganda ya machungwa.
Moja ina jina la Mutheu, limeshonwa kwa uzi mwekundu,
na Mutheu alihama Juni, baba yake alipopata kazi Athi River.
Aliyelishona jina lile hakudhani mtoto ataondoka.

"Andika kuhusu tangi."
Naandika: tangi la lita elfu kumi,
kwa michango yenu, wazazi wa Jericho, ahsanteni.
Siandiki kwamba siku lilipoletwa, kabla halijatiwa tone,
watoto walilipiga makonzi wasikie linavyonguruma,
na Ogolla wa Gredi ya Nne akapanda juu ya tofali,
akaingiza kichwa mdomoni mwake
akaita jina la mama yake, aliye Doha mwaka wa tatu sasa.
Tangi likamrudishia jina
likiwa kubwa kuliko alivyolitoa.

Kwaya yetu imeshika nafasi ya tatu.
"Kwaya zilikuwa ngapi?" nauliza.
"Tatu," anasema. "Endelea."

Gredi ya Sita wamemaliza mtihani.
Jana walikumbatiana, wakalia hadi kamasi,
wakaandikiana kwaheri kwenye kola za mashati
kama watu wanaosafirishwa Lodwar.
Darasa lao jipya liko ng'ambo ya ua wa michongoma;
nimehesabu, ni hatua thelathini na moja.

Sungura wa klabu ya kilimo, aitwaye Naibu
(kwa sababu hutafuna kila mkutano unapoendelea),
atakaa likizo kwa kina Abdiwahid, ghorofa ya nne.
Hilo halimo baruani. Mama Abdiwahid bado hajaambiwa.

Kisha Bi. Nasambu ananyamaza.
Nje, maua ya mjakaranda yanaangukia paa la jiko,
zambarau juu ya masizi.
"Mpishi wetu, Bi. Kirigo, anastaafu," anasema.
"Tunamshukuru kwa huduma yake."
Nachapa.
"Futa."
Nafuta.
"Andika... la. Acha kwanza."

Miaka kumi na tisa mbele ya sufuria,
macho mekundu kwa moshi wa githeri,
na kamati ikakaa, ikachanga, ikajadili,
ikamnunulia sufuria.
Alipoifungua karatasi mbele ya gwaride
alicheka hadi akaegemea tangi,
akacheka hadi tukaogopa,
halafu akauliza nani atamwonyesha mgeni
kuni zipi hazitoi moshi.
Hakuna aliyejua.

Mwishowe barua ikasema: "Tunamshukuru kwa huduma yake."

Nikachapisha nakala mia nne na kumi na mbili.
Wino ulichoka njiani, zile za mwisho zikatoka kama ukungu;
hizo nimewapa Gredi ya Kwanza,
ambao watasimulia yote kabla hawajavua viatu,
na mengine ambayo hayakutokea.

Ijumaa, saa tano na nusu, lango wazi,
katoni imebaki na sweta kumi na nne na ile ya uzi mwekundu.
Ogolla amerudi kwenye tofali lake.
Lakini vuli imenyesha wiki mbili, tangi limejaa hadi shingoni,
na jina aliloliita
lilirudi fupi, limelowa.
Akasikiliza kidogo.
Akaligonga tangi mara mbili, taratibu,
kama mtu anayeaga mlangoni mwa jirani,
akaikunja barua mara nne, akaitia ndani ya soksi,
akaenda.