Dau la Mayai

Mimi hutengeneza televisheni hapa Manyatta,
na kila mwaka, usiku wa tuzo za sinema,
huwasha zile ambazo wenyewe hawajazilipia,
saba kwa pamoja, moja ya kijani tupu, moja bila sauti,
na watu huja na mayai.

Yai moja kwa kila utabiri.
Sheria ni za Wandabwa muuza gesi,
aliyeshindwa miaka sita mfululizo
na bado anazilinda kama askari wa benki.

Karatasi yangu huning'inia msumarini, mistari kumi na mitatu.
Filamu zenyewe sijaziona. Nani ameziona?
Lakini najua hivi:
mwigizaji aliyekonda hadi mbavu zikahesabika, usimnyime.
Aliyecheza mfalme humshinda aliyecheza mpishi wake,
isipokuwa mpishi afe.
Mavazi: hesabu vifungo.
Muziki: pale Nyaboke atakapofuta macho
kwa mkono wa sare yake ya uuguzi, andika hiyo.
Wananiita mganga. Si uganga.
Ni kusikiliza tu watu wa mbali
wanapenda kuhuzunishwa na nini.

Mwaka huu mstari wa tisa ulinikaa kooni.
Mpiga picha bora.
Miaka mitatu nyuma walikuja Dunga na nyaya na miavuli ya fedha,
wakalikodi ziwa letu liigize ziwa la nchi nyingine,
na dada yangu Akeyo akapewa karai la samaki
apite nyuma ya mwanamume anayelia.
Alipita mara thelathini na moja. Samaki wakaanza kunuka.
Wakabakiza sekunde nne:
kisogo, karai, na ule mguu wa kushoto
unaochelewa kidogo
kama mtu anayeaga mara mbili.

Manyatta nzima ikaandika mstari wa tisa kwa Akeyo.
Hata Wandabwa. Hata mtoto wa Wandabwa,
ambaye mayai yake ni ya kuazima.
Mimi nikashika kalamu.
Ile nyingine ilikuwa na jangwa,
na ngamia mia mbili, na jua likizama.
Nani huwashinda ngamia mia mbili?
Nikaandika jangwa.
Nikageuza karatasi, ikatazama ukuta.

Saa kumi na mbili kasorobo wakaufikia mstari wa tisa.
Wakaonyesha kipande cha kila filamu,
na cha ile yetu, kati ya saa mbili zote walizokuwa nazo,
wakachagua mgongo wa dada yangu.
Akatembea kwenye skrini saba,
moja ya kijani, moja bila sauti.
Mtu akapiga mluzi. Nyaboke akapaza, "Huyo! Huyo!"
kana kwamba Akeyo hakuwa pale pale
juu ya kreti, akitafuna njugu.

Bahasha.
Jangwa.

Kimya kilichofuata nilikitambua:
ni kile cha televisheni inapozimwa,
nukta nyeupe ikabaki katikati.
Wandabwa akaigeuza karatasi yangu, akasoma,
akanitazama kama mtu aliyemkuta kuku wake chunguni mwangu.
"Hata damu yako?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na trei mbili na nusu.
Mistari minne iliyobaki hakuna aliyeitazama.

Akeyo akainuka, akakung'uta maganda.
"Trei moja ni yangu," akasema.
"Niliweka kwako. Jana, kwa mke wa Wandabwa.
Si wewe uliyesema nitafeli hesabu, na nikafeli?"
Akacheka hadi akashika mlango.
Kisha akajitwika mayai, akashika njia ya Kibuye,
maana nyanya zake haziuzwi na ngamia.

Kumekucha. Nikasimama kizingitini.
Kisogo, trei, mguu wa kushoto.
Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne.
Hakuna aliyesema kata.
Tano.
Sita.
Saba, akainua mkono kumsalimu muuza maziwa,
bila yai hata moja kutikisika.